Kibao cha Rangi Mbichi

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa anasinzia kwenye basi, mpaka wazee wawili wa kiti cha mbele walipomkatiza usingizi.

"Chama cha makandarasi wa rangi tulikianzisha ili tupange bei," alisema mwenye miwani.

"Bei gani, shemeji! Tulikianzisha baada ya bwana harusi kuegemea ukuta uliotoka kuupaka, akiwa na suti yake nyeupe. Tukaapa kila kazi iwekewe kibao cha 'Rangi mbichi'. Leo mnataka tukivunje chama?"

"Watu wana macho, bwana. Vibao vya nini?"

Usingizi ungengoja.

Basi likasimama. Mashemeji wakainuka, bado wanabishana. Muuguzi akaziba mdomo: suruali zote mbili zilikuwa na mistari mibichi ya kijani, sawasawa na mbao za benchi la kituo walikopandia.