Nyumba kwa Mkunga, Kiti kwa Katibu

Ingieni wanangu, mfunge mlango, na wewe kitindamimba zima hiyo redio, maana leo msomaji wa taarifa ni mimi. Kaeni pale ninapoweza kuwaona wote watatu bila kugeuza shingo. Daktari amesema maneno mengi ya kunifariji, nami nimemshukuru kwa adabu, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kitanda hiki nimekilalia. Msianze kulia. Nimeishi, nimecheka, nimesomesha watoto wa watu mpaka nikastaafu, na mkiendelea kukunja nyuso hivyo nitadhani nimeshakufa na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Sikieni kwanza yaliyo mepesi. Meza ya marehemu baba yenu na vifaa vyake vyote vya ufundi saa ninampa kitindamimba, kwa sharti kwamba asirithi na tabia ya fundi, ya kumwambia kila mteja aje wiki ijayo. Shamba na ile nyumba ndogo iliyo ndani yake ni vya mwanangu wa kwanza, kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayeweza kuamka kabla ya jogoo bila kumlaumu jogoo. Nguo zangu wagawieni wanaozitaka, na asiyezitaka msimlazimishe, kwani najua mnavyozicheka. Nyumba hii tunayokaa nitaifikia, na nikiifikia naomba mtu asinikate kauli.

Kabla ya nyumba lazima niseme juu ya Umoja wetu wa kinamama wa kanisa, maana nyumba na Umoja vimeishi pamoja miaka mingi, na hamwezi kukigusa kimoja bila kingine kutikisika. Ninyi mlizaliwa mkaukuta. Mlijifunza kutembea kwa kushika magoti ya wanawake waliojaa sebuleni kila Alhamisi, Biblia mkononi na muswada wa serikali mapajani, wakibishana juu ya kifungu cha tatu hadi chai ikapoa. Mtaani walituita Jeshi la Skafu. Kuna mwandishi wa gazeti aliyeandika kwamba tukisikia neno la kisasa tunakimbilia kengele ya kanisa. Nilikata kipande kile nikakibandika jikoni, na kila nilipokisoma nilipata nguvu ya kuosha vyombo.

Na kwa kweli tulianza vibaya. Mara ya kwanza kuitwa mbele ya kamati ya bunge tulipewa dakika kumi tutoe maoni yetu kuhusu mashine za kamari zilizowekwa karibu na shule. Tulishona skafu mpya, tukakodi basi dogo, tukafika. Mama Kwaya akaomba afungue kwa sala fupi. Akamwombea mwenyekiti wa kamati, akaiombea familia yake, akaliombea basi na dereva wake, akaziombea barabara tulizopita na zile tutakazopita tukirudi, akaanza kuwaombea wenye mashine za kamari mmoja mmoja ili watubu, na aliposema amina kengele ikalia. Mwenyekiti akasema, "Amina, kinamama, tunawashukuru kwa maoni yenu," akaita kikundi kingine. Tukarudi nyumbani bila kusema hata neno moja juu ya kamari, isipokuwa yale tuliyomwambia Mungu, ambaye alikuwa anayajua tayari. Tangu siku ile Umoja unasali nyumbani, na amina inasemwa getini. Mimi na Mama Kwaya tulinuniana muda mrefu kwa jambo lile, lakini nimeshamsamehe kabisa, na mumweleze hivyo. Ila kwenye mazishi yangu msimpe maikrofoni.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Baada ya aibu ile tulijiwekea desturi, nanyi mmeiona kwa macho yenu. Hakuna msimamo wa Umoja unaotoka kwenye sebule hii kabla mmoja wetu hajaketi kwenye kiti cha dirishani kuupinga. Ni zamu, hachaguliwi mkaidi wala msomi. Akishaketi pale anapinga kama anayelipwa, naye haruhusiwi kutuonea huruma, na swali lake likikosa jibu, msimamo haupelekwi popote, unarudi kwenye maombi na kwenye kalamu. Mnamkumbuka fundi wetu wa cherehani, mama mpole asiyeweza kumfukuza kuku. Zamu ilipomwangukia, akazitetea mashine za kamari kwa moto mkubwa hadi mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini ziko mtaa gani. Akatuuliza, vijana wale mkiwatoa pale, jioni wakae wapi? Tukakosa jibu. Tukaongeza ombi la uwanja wa michezo, na kamati ilipotusikia mara ya pili, uwanja ndio walioukubali kwanza, mashine zikafuata kuondoka. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi hao wasiwe wote wanaitikia ndiyo.

Mimi sijabadilika, na asitokee mtu kusema kwamba mama alilegea kitandani. Naamini uhai ni uhai tangu tumboni. Naamini ndoa ni ya mume na mke, mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto, na mfanyakazi aachiwe siku yake ya kuabudu. Nilisema hivyo mbele ya wabunge, nikasema mbele ya watu walionizomea, na nitasema mbele ya Mungu, ambaye natumaini hatanipa dakika kumi tu. Lakini nilikuwa nawaambia kinamama kila mara, anayemwambia msichana azae, awe wa kwanza kumbishia hodi na blanketi. Ndiyo maana tunafuma. Na mablanketi yale yote, mnajua yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye wodi ya huyu mwanangu wa pili, mkunga, anayewafunika nayo watoto wa wasichana wasio na mtu. Hata sasa, katikati ya ugomvi wenu, mwanangu wa kwanza, katibu wetu wa Umoja, anayafunga vizuri kwenye mfuko, na mkunga anayapokea. Ila mfuko unapitia kwa kitindamimba, kama vile umetoka nchi nyingine na lazima upitie mpakani.

Haya, nimeutaja ugomvi. Usitazame dari, katibu. Nawe mkunga acha kukunja hiyo kona ya shuka, shuka halijakukosea.

Ulipokuja ule muswada wa afya ya vijana, unaosema msichana ambaye hajafikia utu uzima anaweza kutibiwa mambo yake ya siri kliniki bila mzazi kuambiwa, Umoja ulisema mzazi aambiwe kwanza. Nami nilisema. Mtoto wangu haruhusiwi kwenda hata matembezi ya shule bila sahihi yangu, itakuwaje atibiwe jambo kubwa hivyo nami nifichwe? Muda ulikuwa mfupi, ilibaki Alhamisi moja, na mwenye zamu ya kiti alikuwa anaumwa. Ndipo wewe, katibu, ukaona mdogo wako amepita kunisalimia, ukamkaribisha aketi pale, ukidhani ataleta maneno mawili matatu ya kujaza nafasi. Akaketi. Akauliza swali moja tu.

"Na ikiwa huyo ninayetakiwa kumwita ndiye aliyemwumiza?"

Wewe mkunga hukusema kwa ubishi, nilikuona, ulisema kama mtu anayemkumbuka msichana fulani. Na wewe katibu ukasikia kwamba unatukanwa, kwamba sisi sote tumeitwa wazazi wabaya mbele ya wenzetu, katika nyumba ya baba yako ambaye hakuwahi kutunyanyulia mkono. Ukachukua mkoba ukaondoka. Kesho yake msimamo ukapelekwa vilevile, na swali likabaki kwenye kiti. Huu ni mwaka wa pili mnakaa meza moja kila siku ya ibada, na mmoja anasema, "Kitindamimba, mwambie mwenzako anisogezee sukari," na sukari yenyewe iko karibu na mkono wake mwenyewe. Mwanangu huyu wa kiume, ambaye kazi yake ni umeme, amegeuka kuwa waya. Nilicheka mwanzoni. Halafu nikaacha kucheka, nikaanza kuogopa, kwa sababu niliona kwamba mimi nikiondoka hakutakuwa na meza, na pasipo meza hata ugomvi wenu utakosa mahali pa kukaa. Wanangu, mimi sikuogopa wabunge na sikuogopa magazeti. Hili ndilo ninaloliogopa, na linaniumiza kuliko ugonjwa huu.

Kwa hiyo nyumba hii, ukuta kwa ukuta, paa na bomba linalovuja, ninampa mkunga.

Nilisema nisikatwe kauli. Katibu, keti. Najua unachotaka kusema, kwamba nyumba ya Umoja imepewa mtu anayeupinga Umoja. Sikiliza sehemu ya pili. Uenyekiti wa Umoja ninaouacha ninakupendekeza wewe, na kinamama wameshakubali, nao waliniuliza kwa nini nilichelewa. Na sebule hii kila Alhamisi ni ya Umoja, kama ilivyokuwa, kwa maisha yote ya mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba kila Alhamisi, wewe mwenyekiti, utakuja kwenye mlango wa mdogo wako ubishe hodi, na wewe mkunga utafungua umkaribishe, kwa sababu hakuna funguo nyingine, nimemwagiza kitindamimba azikusanye zote. Na yeye waya wenu nampumzisha kazi. Kuanzia leo asipeleke wala kurudisha, akiulizwa aseme laini imekatika.

Tena kikao cha kwanza baada ya kunizika, kabla ya jambo jingine lolote, swali lile lirudi mezani, maana ndiyo sheria yetu wenyewe na hatuwezi kuidai serikali ifuate sheria na sisi tunairuka. Mkunga aketi dirishani, hata kama si mwanachama, hata kama hataki skafu. Simwambii mtu aamue nini. Mimi bado nasema mzazi aambiwe. Lakini pia nasema yule msichana anayemkumbuka mkunga ni mtoto wetu, na Umoja wa kulinda watoto ukikosa jibu kwa mtoto huyo, basi tumejenga ukuta mzuri tukasahau kumweka mtoto ndani. Tafuteni jibu. Labda ni hakimu, labda ni shangazi, labda ni mama mmoja wa Umoja anayeitwa kliniki akasimame pale badala ya mzazi. Mnaweza kupata maneno ambayo mimi sikuyapata. Mkishindwa, shindweni pamoja. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Msemo huu niliwafundisha mkiwa wadogo, na ninyi mmeuharibu, maana huu ni mwaka wa pili watu wanalima na hakuna aliyechukua kapu.

Mengine ni madogo. Jeneza liwe la kawaida, msinunue lile lenye mapambo, mimi si keki. Mahubiri yawe mafupi. Kinamama waje na skafu zao, na wakitaka kucheka waacheni wacheke, kwani nimewapa sababu nyingi. Yule mwandishi wa gazeti akija, mpeni kiti kizuri, alikuja pia tulipomzika baba yenu na alilia kuliko baadhi ya wajomba. Bomba la jikoni lirekebishwe.

Pumzi inanikimbia kidogo. Ngojeni.

Nimeteleza chini, mgongo unaniuma, niinueni. Sio wewe, kitindamimba, wewe kaa hapohapo. Nawataka hawa wawili. Mmoja huku, mwingine huku. Taratibu... mnanivuta kama shuka la kukamuliwa, kila mtu kwa wakati wake. Semezaneni. Msinitazame mimi, mimi ndiye mzigo, mzigo hautoi amri. Mkunga, kuinua wagonjwa ndiyo kazi yako, mwambie mwenzako ashike wapi.

Nangoja.

Nangoja, na muda wangu si mwingi.

Ndiyo... hivyo. Chini ya bega, amekuambia. Na wewe mwulize kama ni bega hili au lile, usikisie. Muulize yeye, kwa mdomo.

Ahaa. Nimesikia. Nimewasikia wote wawili.

Mungu aliyewapitisha tumboni mwangu awapitishe na mlango huu kila Alhamisi, mkiwa na hasira au mkiwa na amani, ila mpite. Awape watoto wanaouliza maswali magumu. Awape na uvumilivu wa kuyasikia... Wewe kitindamimba, baraka yako ni hiyohiyo, usidhani umesahauliwa.

Msiniachie bado. Endeleeni, ambianeni mto ukae wapi. Mimi nafumba macho tu, nasikia.