Ng'ombe wa Pélagie

Gari la kwenda Mbarara lilikuwa bado halijatoka Misiera, kambini kwetu wakimbizi, lakini mama aliyekaa kati yangu na mzee mmoja tayari alikuwa akijisifu. Alijitambulisha kuwa Pélagie, Mkongomani, mkulima wa maharage upande wa Juru, kambini humo humo.

"Ng'ombe za wenyeji zikipita njiani, nasimama mbele yao, napiga video, namutumia mama yangu kule Uvira. Anajua zote ni zangu. Mtaani batu banamuita mama ya tajiri!"

"Huo ni uongo," alisema mzee. Alikuwa Thaddée, katekista Mrundi, kola imenyooka kama anakwenda kubatiza. "Mimi sijawahi kudanganya mtu, hata mke wangu."

Nilimhurumia huyo mke.

"Baba, nilikimbia na nguo ya mwilini tu. Ile heshima ndiyo kitu pekee nimemutumia mama. Siwezi kumunyang'anya."

Tulipokaribia Nyamitanga, pembeni mwa mji, simu ya Pélagie ililia. Akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. "Mama, niko na katekista wa huku."

Sauti ya kizee ikauliza, "Baba, wewe mutu wa kanisa hausemi uongo. Ng'ombe za binti yangu ziko salama?"

Hata dereva aligeuza shingo. Thaddée akanyoosha kola yake.

"Salama kabisa, mama. Ile nyeusi imezaa juzi."

Simuni vigelegele vikalia. Gari likasimama, na mzee akashuka kifua mbele. Pélagie akamkamata koti.

"Baba! Mama atataka video. Nyeusi nitaitoa wapi?"