Jua Lililoshitakiwa Urambo

Enyi wa nyumba hii na wa nyumba ile, tulieni mtege masikio, maana neno hili lawahusu. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa kando ya Urambo. Mbele ya duka la ushirika palikuwa na benchi, na juu yake waliketi waamuzi ambao hakuna aliyewateua, wakinywa kahawa ya mzee Nassibu. Kati yao alikuwamo Alois, mkono ukining'inia katika kitambaa shingoni. Jumapili iliyopita mdogo wake, Hilari, alimpiga kwa mpini wa jembe. Wanaume wa benchi wakamkamata Hilari, wakamfungia ndani ya bani la kukaushia tumbaku, wakisema atatolewa mvua ikinyesha. Alois aliitikia. Maneno ya benchi ndiyo yaliyompa usingizi.

— Ni joto tu, alisema Twalibu, aliyeitwa Redio kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa na moja tu, yake. — Damu hupanda kichwani kama maziwa jikoni. Ikifurika, aliye karibu ndiye anayeungua.

— Umeyasikia redioni hayo?

— Redioni wametangaza bei ya pamba. Haya nimejazia mwenyewe.

Silasi, mpimaji wa tumbaku, jina lake la kijiweni Mizani, akabetua midomo.

— Damu haina kosa. Ubongo ndio hukauka. Jani likikauka si hupungua uzito? Kichwa vilevile. Kwa Oktoba hii, Twalibu, chako hakifiki robo kilo.

— Nyote hamjui, akasema Masolwa, mwashi wa matofali. — Hapa walipita wapagazi wa zamani wakipeleka pembe pwani. Hasira zao walizimwaga njiani. Jua likichoma, zinapandia kwenye nyayo. Hilari alikuwa pekupeku.

— Hata mimi niko pekupeku, akasema Twalibu.

— Unadhani kwa nini nimekaa huku mwisho?

Wakacheka. Alois naye akacheka, na kicheko kikamchoma mkononi. Tazameni hekima iliyowapima wapagazi waliokufa, ikashindwa kumpima jirani aliye hai. Jua lile ambalo kwalo Mungu huwaangazia wema na wabaya lilikwisha kuhukumiwa. Hilari hakuulizwa neno.

Ndipo akatokea Josepha, mke wa Hilari, na ndoo ya maji kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji Alois, kumbe ni joto lililomharibu mume wangu?

— Ndilo, shemeji. Vumilia, mvua i karibu.

— Mbona basi mmemfungia kwenye bani?

Redio akachungulia kikombe chake. Mizani akatazama barabarani. Alois akawageukia wa benchi.

— Masika yaliyopita alilia usiku na mchana, Josepha akaendelea kwa sauti ya chini. — Tangu tuliache kaburi la mtoto kule tulikotoka, hapati usingizi. Nilikuja kwako, shemeji. Ukaniambia nisubiri kiangazi.

Alois akasimama. Akashika njia ya kwenye bani.

Nanyi mnaosikia, pigo lile lilikuwa dhambi, na Hilari atalijibu. Lakini kwenu pia yuko asiyelala, asiyesema, nanyi mnatazama mawingu. Tubuni uvivu huo. Inukeni leo, mkamfungulie mlango, mketi naye chini, mmwulize anaumwa wapi. Kisha mnyamaze mpaka amalize kusema.