Wembe wa Mama Shirleen

Maisha ya marehemu Tabitha Waithera Njogu, 1961–2025

Nimeombwa nisome mimi kwa sababu nina sauti ya sokoni. Naitwa Shiro, nauza nafaka pale Umoja, na marehemu ni dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto na kunikosoa nilipokuwa mtu mzima. Mkisikia mahali nimekuwa mkali kidogo, jueni ni damu ile ile inayosema.

Tabitha Waithera alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Othaya, Nyeri, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Githinji na marehemu Mama Wangari. Chini ya shamba letu ulipita mto Gura, wenye maji ya kuuma meno na samaki wanaoitwa trauti. Wageni walikuja kuwavua wakiwa wamevaa viatu vya mpira hadi mapajani. Sisi hatukuwagusa. Baba alisema samaki ni nyoka aliyepata mahali pa kuoga, na neno la Baba halikuwa na rufaa. Waithera alikuwa akiketi juu ya jiwe kuwatazama wale wavuvi wakirusha kamba, akishangaa jinsi samaki mjanja vile anavyodanganywa na unyoya. Hakujua kwamba unyoya huo ndio utakaomlisha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1975 na kupita vizuri, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha pili. Mwaka 1978 Baba aliugua, ikabidi mmoja wetu aache shule ili wengine waendelee. Aliacha yeye. Hakulalamika wakati ule wala baadaye, ingawa kila nilipokosea hesabu mbele yake aliwageukia waliokuwapo na kusema, "Na huyu ndiye tuliyemsomesha."

Mwaka 1979 alikuja Nairobi kuishi na shangazi yetu, aliyekuwa akishona mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor. Vidole vyake vikazoea uzi na sindano. Siku moja ya mwaka 1981, mzee mmoja anayeitwa Opicho mkaguzi wa kiwanda kimoja, alikuja kununua viatu vya akala, akamwona Waithera akifunga fundo dogo kwenye ushanga huku akiongea na mteja mwingine, bila kutazama mikono. Akamwuliza kama anaogopa manyoya. Jumatatu iliyofuata Waithera alikuwa Industrial Area, katika karakana ya kufunga nzi.

Kwa wale wasiojua, nzi hao si hawa wa jikoni. Ni ndoano ndogo, nyingine haizidi punje ya mchele, inayovikwa uzi, manyoya na nywele mpaka samaki aione kuwa ni mdudu. Wanawake wengi wa Eastlands wameifanya kazi hiyo, na nzi wao husafirishwa ng'ambo kwa watu wanaovua kwa kujifurahisha, kisha wanamwachilia samaki aende zake. Hiyo sehemu ya mwisho marehemu hakuielewa mpaka kufa kwake.

Alianza chini kabisa. Alijifunza kubana ndoano kwenye vaisi, kile chuma cha mezani kinachoishika kwa nyuma. Akajifunza kulaza uzi ukakaa bila kupandana. Kisha mkia, kisha mwili, kisha unyoya wa shingo ya jogoo unaozungushwa mbele, na mwisho kabisa kichwa, ambacho ni uzi mtupu unaofungwa fundo la kumalizia nyuma ya tundu la ndoano. Kosa la kila mgeni ni lile lile. Anajaza mwili, anajaza mabawa, anafurahia kazi yake, akifika mbele anakuta hakuacha nafasi ya kichwa. Fundo linakosa pa kukaa, na nzi huyo anafumuka mara tu samaki anapomgusa.

Sasa, ndoano zinatoka nje na hazitupwi. Kwa hiyo karakana ilikuwa na desturi yake: kazi mbaya inanyolewa. Opicho alipita na wembe, akakata kila kitu mpaka chuma kikabaki uchi, akakurudishia ndoano yako mkononi. Waithera alinyolewa hadi akawa anarudi Kariokor akilia. Siku moja aliona nzi wa kahawia wanamchosha macho, akawaongezea uzi mwekundu ili wapendeze. Opicho akamshika mmoja, akauliza, "Huyu umemfungia samaki, ama umemfungia shangazi yako?" Wakanyolewa wote.

Lakini mwenye kunyolewa sana hujifunza kuchana. Akafika kwenye kazi ngumu kuliko zote, ile ya nywele za kulungu. Unalaza tita la nywele juu ya ndoano, unazungusha uzi ukiwa umelegea, kisha unavuta. Ukivuta sawasawa, nywele zinafunguka pande zote kama mwavuli. Ukivuta kwa pupa uzi unakatika, na ukiogopa nywele zinalala tu hapo zikikutazama. Unasukuma tita hilo nyuma, unaweka lingine, mpaka ndoano inageuka kichaka. Ndipo unachukua wembe ule ule na kuchonga taratibu, na ndani ya kichaka anatoka chura mwenye tumbo jeupe na mgongo wa kijani. Waithera aliwatoa vyura hao kwa miaka mingi, na Opicho alipostaafu mwaka 1993, alimwachia meza yake na kazi ya kunyoa.

Alifunga ndoa na Joseph Njogu, seremala wa Bahati, Jumamosi tarehe 15 Desemba 1984. Njogu alimchumbia kwa uongo mmoja mzuri: alimwambia kwamba yeye ni mvuvi. Waithera akampa nzi wa zawadi. Njogu, ambaye hakuwahi kushika ndoano wala mshipi, alimchomeka kwenye kofia yake ili aonekane, na siku alipokuja kujitambulisha nyumbani aliivua kofia kwa heshima mbele ya Baba, ndoano ikamnasa sikio. Walimpeleka zahanati akiwa na kofia inaning'inia. Baba alisema mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mwongo mkubwa, akakubali mahari izungumzwe. Waliishi Umoja kwa furaha, wakajaliwa Shirleen na Maina, mpaka Njogu alipotutangulia mwaka 2011.

Waithera hakula samaki hata siku moja. Ukimkaribisha ngege wa kukaanga alijibu kwamba mtu hali mteja wake.

Karakana ilipofungwa mwaka 2008, alihamishia meza kwenye baraza ya nyumba yake. Wanawake waliojua kazi wakamfuata kutoka Kayole, Tassia na Pipeline, wakafunga nzi hapo wakinywa chai na kuchambua dunia. Watoto wake mwenyewe hawakuipenda kazi hiyo. Maina alikuwa na mikono ya fundi wa umeme. Shirleen alijaribu, akajidunga kidole, akaenda kusomea uuguzi, ambako sasa anadunga wengine.

Ndipo mwaka 2021 akaja Idil. Ni binti wa jirani yetu Batulo, yule anayeuza vitambaa. Alikuwa amemaliza shule na hana la kufanya. Batulo alimleta mlangoni akisema, "Mama Shirleen, nichukulie huyu kabla simu haijamwoa." Idil alifunga nzi wake wa kwanza akajaza mpaka kwenye tundu, kama sisi sote tungefanya. Akanyolewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini, Mwalimu, anafanana kabisa na ile picha." Waithera akamjibu, "Samaki haangalii picha." Binti akabana ndoano upya. Dada yangu aliniambia jioni hiyo kwamba huyu atakaa.

Tarehe 9 Novemba 2024, asubuhi, akimimina chai, birika lilimtoka mkononi. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na upande mmoja wa mdomo. Alilazwa, akatibiwa vizuri, na kabla ya Krismasi tukamrudisha kwenye kiti chake pale barazani. Alimshukuru Mungu kwa kumbakishia ulimi. Sisi tulioujua ulimi huo tulishukuru pia, kwa tahadhari.

Kilichomnyima raha si mkono. Alinieleza wazi. "Shiro, kufunga Idil anajua. Kunyoa je?" Na kweli, mwezi wa Februari Idil alikuwa ametoa chura ambaye Waithera alimgeuza huku na huku kwa mkono wa kushoto, kisha akamtia kimya kwenye boksi la nzi wa kusafirishwa. Hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwenye meza ile. Lakini sasa ukaguzi ulikuwa wa Idil, na wale wanawake wote wana umri wa kumzaa. Walipomletea kazi iliyopinda alisema, "Asante, mama," akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kuifumua na kuifunga upya nyumbani kwao, kwa siri. Kwetu na kwao, kijana hamrudishii mtu mzima kazi yake usoni. Waithera alijua kila kitu. Alisema msichana hawezi kuzifunga kazi za watu wote mpaka azeeke, na siku atakayochoka, nzi wabovu watasafiri, wanunuzi watahama, na meza itakufa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kuliko ugonjwa.

Jumamosi tarehe 10 Mei mwaka huu aliomba vaisi isogezwe karibu. Akafunga nzi kwa mkono wa kushoto, akishika uzi kwa meno. Alikuwa yule yule wa kahawia, wa kwanza kabisa aliyefundishwa kumfunga na Opicho. Ilimchukua alasiri nzima na hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza, Shirleen alimpiga picha. Batulo alisema mashallah. Mimi nilisema hata Opicho angempokea, na niliyasema hayo kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa nimefurahi.

Waithera alimpa Idil yule nzi. "Mkaguzi. Huyu anaingia kwenye boksi?"

Idil alimgeuza nzi huku na huku. "Umejitahidi sana, Mwalimu."

"Sikuuliza hivyo."

Msichana akaanza kulia. Akalia hivyo hivyo akinyoosha mkono kuchukua wembe. Alikata unyoya, akakata mwili, akakata mkia, mpaka chuma. Akaifuta ndoano kwa ncha ya mtandio wake, akaiweka kwenye kiganja cha Waithera kwa mikono miwili. "Hukuacha nafasi ya kichwa, Mwalimu. Samahani."

Nilisimama. Nilisema maneno ambayo kanisa haliwezi kuyachapisha kwenye programu hii. Batulo alimwita binti yake kwa majina yake yote matatu. Na dada yangu akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, akacheka mpaka Shirleen akaja kumshika asianguke kitini. "Keti, Shiro," akasema. "Nyinyi nyote mmenidanganya leo, isipokuwa huyu." Kisha akamgeukia Idil. "Wembe ni wako."

Kama alimfunga vibaya makusudi au mkono ulimshinda, hakusema. Batulo alimwuliza, akajibiwa kwamba chai inapoa.

Jumatatu yake Idil alimnyoa mama mmoja wa Tassia mbele ya wenzake. Mama huyo alikasirika, akabeba mkoba wake akaenda. Kesho yake alirudi, akaketi, akabana ndoano. Waithera alikuwa amelala chumbani, dirisha wazi, akisikia yote. Alisema tu, "Eeh," akageukia ukutani, akalala usingizi mzuri. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari ya meza. Alitaka uji, alitaka nyimbo za kanisa, alitaka kujua bei ya maharagwe. Nafurahi kuwaambia kwamba wiki zake za mwisho zilikuwa za mtu aliyetosheka.

Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, asubuhi, nyumbani kwake Umoja, Shirleen akiwa amemshika mkono. Tunamlaza hapa Lang'ata karibu na Njogu, kama alivyotaka. Othaya aliipenda, lakini alisema watu wake wako huku.

Ameacha binti yake Shirleen na mwanawe Maina, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, rafiki yake Batulo, wanawake wote wa ile meza, na mwanafunzi wake Idil.

Neno moja la mwisho. Wasifu huu niliuandika mrefu kuliko huu mnaousikia. Nilimpa Idil aupeleke kupigwa chapa, naye akausoma kwanza, amesimama mlangoni pangu. Akasema, "Anti, hapa katikati umejaza sana. Na hapa umeandika kwamba Mwalimu hakuwahi kumkasirikia mtu. Hapo tutoe." Nina miaka hamsini na tisa, na yeye ana ishirini na mitatu. Hakuangalia chini, wala hakuomba samahani. Akachukua kalamu yangu, akakata ukurasa mzima, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Nikamrudishia, nikamwambia aupeleke hivyo hivyo. Dada, meza yako ina mtu. Sasa pumzika, na amani ikulinde.