Akishika Mkasi, Hayupo

Ijumaa hii mkuu wa meza ya ukataji, mama yetu tunayemwita Bi Subiri, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha sare. Jina hilo hakupewa kwa mahaba. Alipewa na watu waliomwita akiwa kazini, wakajibiwa neno hilo hilo bila yeye kuinua kichwa.

Alianza kwa kushona vifungo, akapanda hadi kwenye mkasi. Wanafunzi na wauguzi wangapi wamevaa makoti aliyoyakata, hatujui. Mumewe anasema hata nyumbani ni vivyo hivyo: akipiga pasi, usimuulize funguo ziko wapi.

Kisha akaja meneja mpya na kundi lake la ujumbe wa simu. Kila ujumbe ujibiwe papo hapo, hata kitambaa kikiwa mezani. Eti mfanyakazi wa kisasa hufanya mambo matatu kwa mpigo. Sisi tukaitikia, woga tu. Bi Subiri akamwambia meneja mbele yetu sote: "Nikishika mkasi, sipo. Nikiuweka chini, nitafute." Siku hiyo hiyo akahamishiwa stoo. Ilituuma sana.

Tukabaki tunakata huku simu zinatetemeka mifukoni. Mara picha, mara salamu, mara meneja mwenyewe anauliza tumefika wapi. Katikati ya kujibujibu, hakuna aliyekumbuka kugeuza karatasi ya kupimia mikono ya makoti. Shule nzima ikakatiwa mikono ya kushoto, ya kulia hakuna. Meneja hakuamini, akajaribu koti moja lililokwisha kushonwa, akabaki amepinda bega kama aliyelala vibaya.

Alikwenda stoo kwa miguu yake kumrudisha. Bi Subiri alikuwa anahesabu vifungo. Bosi naye akaambiwa asubiri, akasubiri, simu yake ikiita mfukoni. Tangu hapo meza yetu haina simu, na kazi inatoka mapema kuliko zamani. Anayebisha aje aone.

Sasa tunasikia kuwa akishaondoka, kundi litarudishwa mezani. Wakubwa zetu, tunayaandika haya ili pasiwe na kisingizio: halirudi. Kama ni stoo, tuhamishieni sote, tutabanana huko huko.

Ahsante, mama, kwa kutufundisha kukataa. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku tamu. Wajukuu wabebe mmoja mmoja.

Wageni wetu, sherehe inaanza saa nane mchana. Mkiona kiti chake kitupu, msimpigie. Anamalizia koti.