Shimo la Nukta Halijai

Waliokuwapo asubuhi hiyo ni hawa. Alikuwapo Nukta, karani wa mahakama aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi kumwacha mtu amalize sentensi bila kumrekebisha. Alikuwapo Timazi, fundi mwashi, ambaye hakuna ukuta wake hata mmoja uliosimama wima mtaani, na jina alilipatia hapo. Alikuwapo Marashi, dereva wa gari la kunyonya maji taka. Huyo hahitaji maelezo. Alikuwapo Bi Birika, muuza kahawa, mwenye benchi, mwenye vikombe na mwenye neno la mwisho. Hakuwapo Kinyozi, ambaye nyumba yake iko chini ya ukuta wa Nukta, pale kilima kinapoishia. Kinyozi alikuwa amelazwa hospitali tangu wiki iliyopita, tumbo limemkamata, na nafasi yake kwenye benchi hakuna aliyeikalia.

Habari ilikuwa moja tu. Mashimo ya vyoo ya mtaa mzima yalikuwa yamechoka: mengine yanafurika, mengine yanatitia, yote yananuka. Watu wa mradi walikuja na bomba kuu la maji taka, kila nyumba iungwe, mashimo yafukiwe. Bomba lilipaswa kushuka kilimani, lipite ua wa Nukta, kisha wa Kinyozi, lifike barabarani. Wote walikwisha kukubali, isipokuwa Nukta. Mhandisi alikuwa amesema asubuhi hiyo ndiyo ya mwisho. Nukta akikataa, mitambo inahamia mtaa mwingine.

Nukta alijua kwamba benchi lote linamngoja yeye. Aliketi, akakunja mguu, akanyoosha kikombe.

— Mzee Nukta, unatuua kwa harufu, alisema Bi Birika akimmiminia. Juzi nimepata wageni, wakwe kabisa, shimo likabubujika kama nalo limealikwa.

— Likafurika. Chemchemi ndiyo hububujika.

— Njoo ulione mwenyewe, halafu uniambie lilifanya nini.

— Mwacheni mzee wa watu, alidakia Marashi. Bomba likipita, mimi nitanyonya nini? Nina watoto mimi.

— Wewe nyamaza! Ndiwe unayetumaliza. Unanyonya kwangu, unazunguka kona, unamwaga kwa jirani. Kesho jirani naye anakuita.

— Mimi, Bi Birika? Mimi?

— Kwa nini kila ukiondoka kwangu, kwa Mama Pacha kunajaa?

— Mama Pacha ana wapangaji wengi! Watu wanakula, dada yangu, unataka waende wapi?

Timazi aliinua mkono kama mtu aliye darasani.

— Wote hamjui. Watu hawajazi shimo. Chini ya mtaa huu kuna mto. Mwezi ukiwa mkubwa, mto unapanda na kusukuma kila kitu juu.

— Umeuona? aliuliza Bi Birika.

— Mashimo yote haya nimeyachimba mimi. Nimeusikia kwa masikio haya.

— Ulisemaje?

— Ulikoroma.

Marashi alicheka hadi kahawa ikampalia. Alipopata pumzi, naye alikuwa na lake.

— Basi mimi niwaambie. Huko bomba linakokwenda kuna mtambo unaochambua. Wanajua kila nyumba imekula nini. Siku ukienda kulalamika hali ngumu, wanakutazama hivi: mbona Jumapili mlikula kuku wawili?

— Kwako watakuta kahawa tupu, alisema Bi Birika.

— Na kuna jambo baya kuliko hilo, alisema Timazi. Mabomba yote yameshikana. Mume na mke wakigombana kule juu, wewe huku chooni unawapata kama redio.

— Hilo nalo ni la kukataa? alisema Bi Birika. Mimi nitahamishia kiti chooni.

Hapo Nukta aliweka kikombe chini.

— Mimi sina ugomvi na bomba. Nina ugomvi na kudharauliwa. Marashi, umewahi kuleta gari lako kwangu?

— Hata siku moja, mzee. Kwako sijawahi kutia mpira.

— Mmesikia. Shimo langu halijajaa tangu nihamie hapa. Leo niambiwe nilifukie, nipangwe foleni moja na walioshindwa?

Hakuna aliyecheka. Katika mtaa ule heshima ya mwenye nyumba ilikuwa shimo lake. Aliyemwita Marashi alifunga madirisha na kujifanya hayupo. Binti yake Nukta alipoposwa, Nukta aliwatembeza wakwe hadi kwenye mfuniko wa zege uani, akawaonyesha nyasi zilizouzunguka, nyasi nzima, hazijawahi kuburuziwa mpira. Wakwe walitikisa vichwa kwa adabu. Tangu astaafu, Nukta alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, nacho kilikuwa chini ya mfuniko ule.

— Na hiyo ni kazi ya mikono hii, alisema Timazi akijipiga kifua.

Binti wa Kinyozi alitokea upande wa bondeni, ameshika viatu mkononi, miguu imelowa matope hadi vifundoni. Alikuwa amefika jana kutoka mbali kuja kumwuguza baba yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Baba anaendeleaje?

— Bado hajashika chakula. Daktari anauliza anakunywa maji gani. Na mimi nauliza, baba zangu, mvua imenyesha lini hapa? Ua wetu wote umelowa.

— Mto huo, mwanangu, alisema Timazi.

— Ni shimo la baba yako, alisema Nukta kwa upole. Limechoka. Marashi atalinyonya.

— Nililinyonya alipolazwa, alisema Marashi. Nimelichungulia jana. Liko kavu.

Binti alimgeukia Nukta.

— Na la kwako, baba mkubwa?

— Langu halijai.

— Halijai kabisa?

— Halijawahi.

— Sasa maji yake huwa yanakwenda wapi?

Aliuliza kwa heshima, kama mgeni anayeuliza njia. Nukta alifungua kinywa amrekebishe. Sentensi ile haikuwa na kosa lolote. Akamtazama Marashi, Marashi akatazama barabarani. Akamtazama Timazi.

— Timazi. Chini uliweka nini?

— Uliniambia hutaki lijae, mzee.

— Uliweka nini?

— Udongo.

— Udongo na nini?

— Udongo wake wenyewe. Sikusakafia. Ya wengine nilisakafia; wote wakawa wanalitamani lako.

Bi Birika alilitazama birika lake. Kila alfajiri aliteka maji kisimani kwa Kinyozi, chini ya ukuta wa Nukta, kwa kuwa yalikuwa baridi na kisima hakikauki.

— Yamechemka, alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Marashi alimwaga kikombe chake taratibu nyuma ya benchi. Timazi naye akamwaga. Birika lilikuwa bado zito, lakini hakuna aliyeomba kuongezewa.

Nukta alisimama, akavuka barabara hadi alipokuwa mhandisi, kando ya mtambo wa kuchimba.

— Pitisheni.

— Tutavunja ukuta, mzee, na mfuniko.

— Anzeni na mfuniko.

Alirudi kwenye benchi lakini hakuketi. Alimwambia binti kwamba saa ya kuwaona wagonjwa ikifika watakwenda pamoja. Kinyozi lazima alisikie jambo hili kutoka kwake yeye, si kwa mtu mwingine. Alitaka kwanza apite nyumbani akavae shati safi.

— Utamwambiaje? aliuliza Bi Birika.

— Sijui, alisema Nukta. Nitaanza, halafu yeye atanirekebisha.

Kinyozi alifariki mchana huo, kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa.