Darla Jean Treviño Hatatabasamu Leo

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofika katika kanisa hili la Mtakatifu Cyril, familia imenipa mimi, Wanda, dada yake mkubwa, jukumu la kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, na padri ameniomba niyasome kwa upole, ombi ambalo nitalitimiza mpaka hapo litakaponishinda.

Marehemu Darla Jean Treviño alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 hapa Hollis Creek, Texas, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Emil na Vlasta Kubicek, wakulima wa pamba, na tangu alipojua kutembea hakutulia, leo yuko juu ya tangi la maji, kesho juu ya paa la banda, mpaka mama akawa anamfokea, "Wewe mtoto, Mungu alisahau kukupa mabawa, shuka!"

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaingia sekondari mwaka 1983, akachaguliwa katika kikosi cha washangiliaji, wale wasichana wanaopandana na kurushana hewani pembeni mwa uwanja ili kuitia timu moyo, na kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote, yeye ndiye aliyerushwa juu. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa wa wavulana, kwa hiyo wasichana walijifunza kupandana mabegani kwenye vigae vya bwalo la chakula, bila godoro hata moja, na kila Ijumaa asubuhi walitakiwa kuwaokea wachezaji wa futiboli biskuti na kuwawekea makabatini. Sheria ya kikosi ilikuwa moja, nao waliijua kama Baba Yetu: ukianguka, simama upesi, tabasamu, piga makofi, watu wasijue.

Tarehe 10 Oktoba 1986, katika mechi ya kuwakaribisha nyumbani wahitimu wa zamani, Darla alirushwa, mikono iliyopaswa kumdaka ikamkosa, akaangukia mgongo pembeni mwa uwanja, na kocha wake akampigia kelele, "Simama, mpenzi, tabasamu! Watu wanakuangalia!" Akasimama, akatabasamu, akapiga makofi, uwanja mzima ukamshangilia, akapiga hatua mbili, na miguu ikamwisha nguvu. Daktari wa timu alikuwa upande wa pili na machela yake, akimfunga mvulana mmoja kidole kilichoteguka, na mechi haikusimama. Baadaye madaktari walitueleza kwamba mfupa wa mgongo ulivunjika alipoanguka, lakini mishipa ya fahamu iliyo ndani yake iliharibika aliposimama. Angelala tu pale chini, angetembea.

Alimaliza shule akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka 1990 akaajiriwa na kaunti kupokea simu za dharura, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa, na wengi mliokaa humu mliwahi kuisikia sauti yake siku mbaya kuliko zote maishani mwenu, ikiwaambia, "Usimwinue. Mwache alale hivyo hivyo, tunakuja."

Tarehe 6 Juni 1992, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Ruben Treviño, fundi wa mashine za kuchambua pamba, na watu walipomsifu Ruben kwa huruma yake aliwajibu, "Huruma ya nini? Nyie hamjawahi kubishana naye." Mungu aliwajalia watoto wawili, Marisol, aliyezaliwa mwaka 1995, na Emmett, mwaka 1998.

Mwaka 2010 Marisol naye aliingia kikosini, na mama yake alipokwenda kutazama mazoezi alikuta vigae ni vile vile na sheria ni ile ile. Tangu hapo, kila Agosti, alikwenda mbele ya bodi ya shule kuomba jambo moja tu, ushangiliaji uandikwe kuwa mchezo kama futiboli, ili wasichana nao wawekewe magodoro na mtu wa tiba, na kila Agosti mwenyekiti, Bwana Hoyt Lassiter, alimjibu, "Darla, dada yangu, ule si mchezo, ule ni moyo wa shule." Mwaka jana alimuuliza, "Kwani mimi nilivunjika nini, Hoyt, moyo?" Bwana Lassiter yupo hapa, safu ya tatu, na kidole chake kilichoteguka usiku ule wa 1986 kilipona vizuri.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa mara kwa mara, na alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Kuhusu ombi lake, bodi haijaandika lolote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula mpaka tukakosa pa kukiweka, na wenzake wa chumba cha simu. Bodi imetuletea shada kubwa la rangi za shule, nalo tumeliacha nje kwenye maegesho, Hoyt, ulichukue ukitoka, urudi na magodoro.

Mtakapopita kumuaga mtaona midomo yake imetulia. Watayarishaji wa mwili, kwa nia njema, walikuwa wamemwekea tabasamu dogo, kama kawaida yao, na Ruben alipomwona alisema, "Hapana. Hilo mliondoe." Wakaliondoa.

Lala hivyo hivyo, mdogo wangu, usiinuke kwa ajili ya mtu yeyote. Pumzika kwa amani.